Mwaka Niliomtafsiria Yeyo

Mwezi uliopita tulimzika Yeyo kule juu Olmotonyi. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje, kwaya ya akina mama ikaimba vizuri, na mchungaji hakurefusha. Kisha mjukuu wake mmoja, kijana nadhifu wa suti nyeusi, akasoma wasifu wa marehemu: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto. Alipofika kwenye kazi, miaka ishirini na sita ya kiwandani aliimaliza kwa sentensi moja: "Bibi aliajiriwa kama msaidizi katika kiwanda cha nguo mjini Arusha hadi alipostaafu." Akafunua ukurasa mwingine. Mimi nilikuwa benchi la nne, nikahisi damu inanipanda kichwani kana kwamba nimetukanwa mbele ya watu. Wakati wa chakula nilimwita pembeni nikamuuliza neno hilo "msaidizi" amelitoa wapi. "Kwenye faili lake la kazi, mama," alinijibu kwa adabu. "Ndivyo walivyoandika." Nilijua ndivyo ilivyoandikwa, na nilijua neno lile lilipita kinywani mwa nani kabla ya kufika kwenye karatasi. Lilipita kinywani mwangu.

Habari za kwetu naziacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha sita, na nilipanga chumba kimoja Levolosi, kitanda na meza na jiko la mafuta ya taa, ukuta wa kushoto ukiwa wa fundi cherehani ambaye nilijua siku zake nzuri na mbaya kwa mlio wa mashine yake. Ulikuwa wakati wa serikali kuuza viwanda. Madukani mjini vitu vilijaa ghafla, redio na sabuni za kila rangi na marobota ya mitumba, na tuliambiwa kwamba sasa kila mtu atalipwa kwa kadiri ya kazi yake. Nililiamini neno hilo. Kiwanda nilichopata kazi kilikuwa cha umma, kikanunuliwa na kampuni kubwa yenye viwanda nchi kadhaa. Kilisifika kwa shuka nyekundu, zile wanazovaa wafugaji kuanzia Ngaramtoni hadi mbali kule chini mbugani. Wenye kampuni walipoingia walisema watafanya tathmini ya kazi: kila mfanyakazi ataeleza anachofanya, atapewa daraja kati ya saba, la kwanza likiwa la juu, na daraja ndilo litakaloamua mshahara, matibabu, nyumba, nauli ya likizo, hata chai. Mtathmini, Bwana Douglas, alitoka ng'ambo na hakujua Kiswahili. Nikaajiriwa niwe mkalimani wake. Posho yangu ya siku moja ilikuwa sawa na alichopata mwanamke wa chumba cha rangi kwa wiki mbili, na nakiri kwamba siku ya kwanza jambo hilo halikunikera hata kidogo. Nilinunua viatu.

Siku mbili kabla ya mahojiano, meneja utumishi alitutembeza kiwandani. Aliitwa Bwana Elisante, mtu wa Kilimanjaro, aliyekuwapo tangu kiwanda kikiwa cha umma, mpole wa sauti, mzee wa kanisa, ambaye alizoea kutuita sisi vijana wote "wanangu". Tulipofika chumba cha rangi tulikuta mvuke umetanda, mapipa yanachemka, na wanaume kama kumi wamesimama wanasubiri. Walikuwa wanamsubiri mwanamke mmoja. Alikuwa Mwarusha wa makamo, mrefu, mikono imekolea wekundu mpaka kwenye viwiko, na kiwanda kizima, Wachaga kwa Wameru, walimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa. Alichovya kipande cha kitambaa, akakikamua, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga wa jua, akakitazama kwa muda. "Bado," akasema. Wanaume wakarudi kukoroga. Mmoja wao aliniambia fundi mkuu wa rangi alistaafu miaka minane iliyopita na hakuletwa mwingine. Vipimo vyote vilikuwa kichwani mwa Yeyo. Maji yetu yanayoshuka mlimani hayatulii, aliniambia. Masika yana tope, kiangazi yana chumvi, na unga uleule wa rangi unatoa nyekundu mbili tofauti. Yeyo ndiye aliyejua leo uongezwe au upunguzwe. Haya yote niliyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu. Bwana Douglas wakati huo alikuwa nje anapiga picha Mlima Meru.

Mahojiano yalifanyika katika chumba kilichokuwa ofisi ya tawi la chama, chenye alama nyeupe za mraba ukutani palipobanduliwa picha. Kila mtu alipewa dakika kumi. Mwisho wa kila fomu palikuwa na mstari wangu: nathibitisha kuwa tafsiri hii ni sahihi, na saini. Wapo waliojua mchezo. Kijana wa stoo, hana hata mwaka kazini, aliingia amechomekea shati akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba yeye ndiye anayeendesha idara. Bwana Douglas alimpenda. Kisha akaingia Yeyo. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Muulize kazi yake ni nini," akasema Bwana Douglas.

"Shikamoo, Yeyo. Anauliza kazi yako hapa ni nini."

"Marahaba, mwanangu." Akaitazama mikono yake, akacheka kidogo. "Mimi nasaidia tu. Nasaidia-saidia hapo kwenye rangi."

"Anasema anasaidia kwenye chumba cha rangi."

"Anamsaidia nani?"

"Yeyote aliyepo," akajibu Yeyo. "Tunasaidiana."

"Na rangi ikiiva, nani anayeamua kwamba imeiva?"

"Aa, hiyo ni Mungu tu. Sisi tunajaribu, ikikubali tunashukuru."

Nikatafsiri: Mungu. Bwana Douglas akacheka kwa wema kabisa, akaandika, akanigeuzia karatasi. Nikatia saini. Yeyo naye akatia yake, taratibu, herufi moja baada ya nyingine, akatushukuru wote wawili na kutoka kinyumenyume.

Nimeishi na dakika zile kumi kwa miaka mingi, na bado nikizikumbuka nakasirika kama vile ni jana. Hakuna mtu aliyelelewa upande ule wa mlima, au upande wetu, asiyejua maana ya "nasaidia tu" kinywani mwa mwanamke mtu mzima. Mama aliyepikia harusi ya watu mia tatu, ukimsifu, atakwambia amepikapika tu. Ni adabu. Ni njia ya kumwachia mwenzako akusemee. Yeyo aliniachia mimi nimsemee, kwa sababu nilikuwa nimemwona kazini na aliniona nikimwona. Mimi nikachukua adabu yake, nikaivua nguo, nikaikabidhi kwa mgeni kama ushahidi. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi neno kwa neno. Mwalimu wangu wa Kiingereza angenipa alama zote.

Kampuni ilikuwa na nyumba ya wageni kwenye njia ya kupanda mlimani, na mchana tulikwenda kula huko. Mabosi walikaa sebuleni. Mimi nilipewa sahani yangu jikoni kwa mpishi, kuku wa kuoka, viazi, parachichi lililokatwa vizuri. Kati ya jiko na sebule palikuwa na dirisha dogo la kupitishia vyombo. Siku ya mwisho ya mahojiano dirisha lile halikufungwa. Nilikuwa nimeshika paja la kuku nilipomsikia Bwana Douglas akisema kwa Kiingereza, "Bajeti inaruhusu watu arobaini tu daraja la nne kwenda juu. Mpaka sasa ninao sabini na wawili."

"Chumba cha rangi wateremshe wote," akajibu Bwana Elisante. "Wamejieleza wenyewe kwamba ni wasaidizi."

"Hawatalalamika?"

"Walalamike nini? Ni maneno yao. Na msichana ametia saini kila karatasi." Kisha, kwa sauti ileile ya upole, akaomba apitishiwe pilipili.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hesabu ilikuwa imekwisha kabla hatujamwita mtu wa kwanza. Hawakuwa wanatafuta nani anafanya nini. Walikuwa wanatafuta sababu, na walinilipa mimi niwakusanyie. Ningependa kuandika kwamba nilisimama nikasema neno. Nilimaliza kuku. Nilikaa kimya siku kumi na moja, nikapokea posho zangu zote, na ubao wa matangazo ulipobandikwa majina ndipo aibu iliponipata vizuri. Yeyo alikuwa daraja la saba, la mwisho kabisa, pamoja na wafagiaji. Kijana wa stoo alikuwa la nne.

Bwaloni asubuhi ile palikuwa na foleni mbili za chai. Tangu kiwanda kianze watu walikunywa chai ya maziwa saa nne, na mkate. Sasa maziwa yalikuwa ya daraja la nne kwenda juu; waliobaki walipewa ya rangi, bila mkate. Nilimwona Yeyo ameshika kikombe chake cha bati anatazama ndani kana kwamba kuna kitu kimedondokea. Nyuma yangu mwanamume mmoja alisema, "Ng'ombe wa kwetu wenyewe, wanatupimia maziwa." Lakini chai ilikuwa jambo dogo. Mume wa Yeyo, mzee Lemburis, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kwa miaka sita sindano zake zilitoka zahanati ya kiwanda. Kuanzia daraja la tano kushuka, mfanyakazi alitibiwa peke yake. Wiki ileile muuguzi alimrudishia Yeyo kadi ya mzee ikiwa imepigwa mstari mwekundu. Sindano za duka la dawa mjini zilikuwa zinameza mshahara wote kabla ya mwezi kufika katikati.

Jumapili nikapanda Olmotonyi. Nilimkuta mzee Lemburis amekaa nje, mguu wa kushoto juu ya kigoda, kidole kimoja kimefungwa kitambaa. Yeyo alinikaribisha ndani, akaniwekea bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, kama ambavyo angemwekea mgeni yeyote. Sikuweza kula. Nikamwambia yote: fomu, saini, dirisha la jikoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Siku ile," akasema, "ulijua kwamba nilikuwa najishusha tu?"

"Nilijua, Yeyo."

"Na uliniona kwenye mapipa."

"Nilikuona."

"Kwa hiyo ulimpa maneno, maana ukabaki nayo."

Nikaanza kulia. Akanisogezea bakuli. "Kula. Usinililie, mimi nina mgonjwa. Rufaa ni siku ishirini na moja, na karatasi yenyewe imeandikwa Kizungu. Utaniandikia mimi, na wenzangu nitakuletea."

Aliwaleta kweli. Jumamosi mbili mfululizo, wakitoka zamu ya nusu siku, walijaa chumbani kwangu Levolosi, wengine wamekaa kitandani, wengine uani na mke wa fundi cherehani, na chai nikawachemshia yenye maziwa. Safari hii sikuuliza "kazi yako ni nini". Niliuliza, "Usipokuja kazini siku tatu, kinaharibika nini?" Lo! Watu walifunguka. Mzee wa boila alieleza kwa nusu saa, akasimama, akatuonyesha kwa mikono jinsi anavyosikia mvuke umezidi. Niliandika rufaa thelathini na moja, mpaka kidole kikaota sugu, na ya Yeyo ilikuwa kurasa nne. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilikuwa mjinga kudhani kwamba uzuri wake utasaidia.

Bwana Elisante aliniita ofisini siku ya tatu baada ya rufaa kupelekwa. Zilikuwa mezani kwake, zimepangwa vizuri. "Anande, mwanangu," akasema, "mwandiko huu ni wako."

"Ni wangu."

"Na saini iliyo kwenye fomu za mwanzo ni yako. Kule unathibitisha huyu mama ni msaidizi. Huku unaandika kwamba ni fundi mkuu. Lipi la kweli?"

"Hili la sasa."

"Basi kule ulituandikia uongo, na hatuwezi kukaa na mwongo kazini. Na kama ni kinyume chake, rufaa hizi zote ni za uongo, zinaanguka." Akavua miwani, akaifuta. "Unaona ulivyojiweka, mwanangu? Ungekuja kuniona kwanza."

Nilifukuzwa mchana ule, na rufaa zote thelathini na moja zilirudishwa na sentensi moja iliyopigwa chapa: maelezo ya awali yalithibitishwa na mkalimani. Siku hizi nikisikia kampuni fulani inatangaza kwamba wafanyakazi wake ni familia moja, huikumbuka sauti ile iliyoniita mwanangu mara mbili huku ikiniondolea riziki. Simchukii Bwana Elisante kwa kunifukuza. Namchukia kwa upole wake. Alijua thamani ya Yeyo kuliko Bwana Douglas, maana alimwona kazini miaka yote ile, na yeye hakuhitaji mkalimani.

Nikapata kazi ya kuwafundisha Kiingereza watoto wa mfanyabiashara mmoja Tengeru, na habari za kiwandani zikawa zinanifikia kwa watu wa rufaa, ambao hawakuacha kunitembelea. Yeyo, walisema, hakugombana na mtu. Jumatatu baada ya jibu la rufaa alichukua ufagio, akafagia chumba cha rangi, akachota maji, akakaa juu ya debe lililopinduliwa. Msimamizi alipomletea kipande cha kitambaa akitazame, alisema, "Mimi daraja la saba. Nisije nikaharibu kazi ya wakubwa." Wakamtisha, akafagia tena. Walitafuta kosa la kumfukuzia wakakosa, kwa kuwa kila kilichoandikwa kwenye karatasi yake ya kazi alikifanya, tena vizuri. Kijana wa stoo akahamishiwa kwenye rangi pamoja na kitabu cha vipimo kilicholetwa kutoka makao makuu.

Miezi hiyohiyo kidole cha mzee Lemburis kikawa cheusi. Yeyo aliuza ng'ombe wa kwanza kwa ajili ya sindano, wa pili kwa ajili ya kitanda cha hospitali. Nilikwenda kumwona mzee siku mbili baada ya upasuaji. Mguu wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti. Yeyo alikuwa ameketi pembeni ya kitanda akimmenyea chungwa, mikono yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ikiwa imetakata, haina wekundu hata kidogo. Nilitoka nje ya wodi nikapiga ukuta ngumi.

Masika yakaingia. Maji yakashuka na tope lake, kitabu cha makao makuu hakikusema lolote kuhusu tope la Meru, na shuka zikatoka na rangi ambayo watu wa Ngaramtoni waliiita rangi ya fizi. Wafugaji walizishika, wakazirudisha juu ya meza za wauzaji. "Hii utamvalisha nani?" walikuwa wanauliza. Wachuuzi wakarudisha marobota kiwandani, mengine hayajafunguliwa, wakaenda kununua shuka zilizokuwa zikiingia kutoka nje. Wakaletwa wataalamu wawili, wakapima maji, wakaondoka. Mwishowe gari la kampuni likaja kunitafuta Tengeru. Bwana Douglas alikuwa amerudi, wanataka kuzungumza na Yeyo, na Yeyo amesema hafungui mdomo mpaka aletwe Anande.

Tulikaa ofisini kwa Bwana Elisante, sisi wanne. Ililetwa chai ya maziwa katika vikombe vya udongo na sahani ya biskuti, Yeyo hakugusa. Bwana Elisante akasoma barua. Kampuni, kwa kutambua mchango wake, imeamua kumlipa mshahara wa daraja la nne. Matibabu yeye na mwenzi wake, kuanzia tarehe ya barua hii. Cheo kitabaki kilivyo. Nikauliza kwa nini cheo kibaki. Bwana Elisante alinijibu bila kunitazama kwamba wakibadili cheo cha mmoja, wale thelathini wengine watadai rufaa zao zifunguliwe. Nikamfasiria Yeyo kila neno, pamoja na hilo la mwisho ambalo halikuwa limekusudiwa kwake.

Yeyo alifikiri. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilijua hawezi kukataa, ana mgonjwa nyumbani na zizi limebaki tupu, na nilijua kwamba wao pia wanalijua hilo. Akaichukua kalamu. Kabla ya kuishusha karatasini, akamtazama Bwana Douglas moja kwa moja, si Bwana Elisante.

"Na mguu?" akasema.

Bwana Douglas akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anauliza, na mguu?"

"Mguu gani?"

Bwana Elisante akaanza kusema kwa Kiingereza kwamba ni mambo ya nyumbani kwake, hayahusiani na barua. Nikamkatiza. Nilimweleza Bwana Douglas juu ya sindano, kadi iliyopigwa mstari mwekundu, kidole, ng'ombe wawili, goti. Nilimweleza Yeyo alikuwa nani katika chumba kile, na "nasaidia tu" ina maana gani kwetu, na jinsi mimi nilivyoijua maana hiyo nikaificha. Nilizungumza muda mrefu kuliko maneno mawili aliyosema Yeyo, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilitafsiri sawasawa. Bwana Douglas alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alitazama barua, akatazama dirishani, akasema kwamba anasikitika sana, lakini fomu haina sehemu ya jambo kama hilo.

"Anasemaje?" akauliza Yeyo.

"Anasema hakuna pa kuliandika."

Yeyo akatikisa kichwa kama mtu aliyelitarajia. Akatia saini, herufi moja baada ya nyingine, akakunja nakala yake akaiweka kifuani. Kisha akasimama, akakunja mikono ya gauni, akamwambia Bwana Elisante awaambie wale vijana wazime mapipa yote, maji yale yamwagwe, wanaanza upya.